Wigi la Kipilipili

Nilipata kipaimara nikiwa na miaka thelathini na minne, nimevaa gauni jeupe la kitoto na kupangwa mstari mmoja na wanafunzi wa darasa la saba. Wenzangu wa rika langu walimaliza kazi hiyo wakiwa na miaka kumi na minne. Mimi wakati huo nilikacha mafundisho, nikiamini kwamba mimi na Mungu tunaelewana vya kutosha bila askofu kuingilia kati. Miaka ishirini ikapita salama. Kisha nikapata mchumba, mchumba akataka ndoa ya kanisani, na mchungaji wetu wa Kilosa akafungua daftari lake, akapekua, akanitazama juu ya miwani, akasema hafungishi ndoa ya mtu asiye na kipaimara. Askofu, kwa bahati yangu njema, alikuwa anakuja baada ya majuma matano.

Kipaimara chenyewe hakikunitisha. Unapiga magoti, askofu anakuwekea mkono kichwani, anakuombea, unasimama. Shida yangu ilikuwa hapo kichwani. Akina mama wa parishi yetu wana sheria yao, ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha sala lakini ina nguvu kuliko vitabu vyote: mkono wa askofu hauwekwi juu ya nywele za dukani. Rasta, wivingi, wigi, vyote vinatoka. Jumamosi, siku moja kabla ya ibada, wanawapanga wasichana nyuma ya kanisa na kukagua kichwa kimoja kimoja kwa vidole, kama wanavyochagua maharage ya mbegu. Asiyekuja na kichwa chake mwenyewe anasubiri mpaka askofu arudi, na askofu si mtu wa kurudi kesho.

Na mimi kichwa changu mwenyewe kilikuwa kitu cha kuficha. Mbele, kutoka sikio hadi sikio, palikuwa peupe kwa upana wa vidole vitatu. Utosini palikuwa na kiraka cha mviringo kinachong'aa. Nywele zilizobaki zilisimama kwa vikundi, kila kikundi na msimamo wake. Mchumba wangu alikuwa hajawahi kukiona kichwa hicho. Miaka miwili ya uchumba, alijua ninachopenda kula, alijua mashangazi wangu wote na ugomvi wao, lakini kuanzia kwenye nyusi kwenda juu nilikuwa mgeni kwake. Niliogopa, tena niliogopa sana, kwamba siku akikiona atakumbuka ghafla kwamba ana safari.

Mtu anafikaje huko? Kwa bidii. Nimesomea nywele za kuunganisha kwa miaka tisa bila kukosa muhula, ada nimelipa kwa mshahara na kwa ngozi ya kichwa, kwa hiyo naomba niwafundishe bure.

Nilianza na kushonea. Nilikuwa nimepata kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya watalii kule Mikumi, na siku ya kwanza meneja akaniambia mapokezi ndiyo sura ya hoteli. Akatazama kichwa changu, ambacho mama alikuwa amekisuka nyumbani Masanze ile mistari ya kunyooka kwenda nyuma tunayoiita twende kilioni, akasema kwa upole kwamba hoteli haina msiba. Nikaenda kwa msusi mmoja Kilosa, karibu na stesheni. Katika kushonea, nywele zako zinasukwa mistari myembamba ya kukaza, halafu wivingi inashonwa juu yake kwa sindano na uzi, kama linavyoshonwa gunia la mkaa mdomoni. Gharama yake, ukijumlisha na nywele zenyewe, ni mbuzi mmoja mwenye afya. Kudumu inadumu: miezi miwili, na mimi kwa ubahili niliifikisha mitatu. Upande wa afya, siku tatu za mwanzo nililala nimekaa, nikimeza vidonge vya maumivu, na nyusi zangu zilivutwa juu kiasi kwamba nilionekana nashangaa tangu asubuhi mpaka jioni. Wageni walifurahi kumkuta dada wa mapokezi anayestaajabia kila pasipoti. Vipele vidogo vyeupe vikajipanga kwenye paji la uso. Msusi akaniambia hiyo ni dalili kwamba kazi imeshika. Hakunidanganya, kazi ilishika. Zilizoachia ni nywele.

Zilipoanza kuachia pembeni, nikafanya uamuzi wa busara wa kuhamia kwenye gundi. Gundi ni rahisi, debe moja tu la mahindi, na nusu saa umemaliza. Hushonwi, hukazwi, unapakwa kitu cheusi kinachonuka kama tairi, wivingi inabandikwa mstari kwa mstari, unaondoka unapepea. Kwenye chupa wameandika inadumu majuma matatu. Walioandika hawajawahi kufika Mikumi mwezi wa kumi na moja. Jasho la juma la kwanza tu lilitosha, na mstari mzima ulinishukia shingoni wakati namkabidhi mgeni ufunguo. Alirudi nyuma hatua mbili. Nadhani alidhani ni mdudu wa hifadhini. Kuitoa gundi kuna utaratibu wake: unapaka mafuta, unasubiri, unabandua taratibu. Mimi nilikuwa na zamu ya asubuhi, nikavuta. Wivingi ilitoka nzima, nzuri, na upande wake wa chini ulikuwa umejaa nywele zangu. Ingekuwa na moyo ingeendelea kuishi bila mimi.

Baada ya hapo nikajaribu kuchomekea, ile ya kulabu, ambapo nywele za dukani zinafungwa kidogo kidogo kwenye mistari iliyosukwa. Niseme kweli, japo si kawaida yangu: hii ndiyo njia ningemshauri mtu mwenye nywele zake. Bei yake ni ya kati, inakaa mwezi na nusu, na mistari ya chini isipokazwa haikuumizi. Ila lazima uwe na nywele za kusukia mistari. Mimi mbele sikuwa nazo tena, kwa hiyo msusi, mwanamke mwenye huruma, alikaza mara mbili zile zilizobaki ili zibebe na mzigo wa wenzao waliokwenda.

Kisha nikapandishwa mshahara na akili ikapungua. Nikaenda Morogoro mjini, kwenye saluni yenye kiyoyozi na sofa jeupe, nikawekewa vipete, vile vidude vidogo vya chuma vinavyobanwa kwa koleo kwenye nywele zako. Hapo hatuzungumzii mbuzi tena, tunazungumzia ndama. Msusi alinieleza, baada ya kupokea ndama, kwamba vipete vilibuniwa kwa ajili ya nywele laini zinazoteleza. Za kwangu hazitelezi, zinashikana mikono. Palipobanwa ndipo palipokatika. Nilikuwa naviokota kwenye kaunta ya hoteli, kila kipete na kishungi chake, nikiviweka kwenye droo pamoja na pini za karatasi. Havikumaliza mwezi.

Nikaishia kwenye wigi, ambalo kwa haki kabisa ndilo la uaminifu kuliko yote. Ukinunua zuri linakaa mwaka. Unalivaa asubuhi, unalivua jioni, kichwa kinapumua. Sharti lake ni moja tu, ulivue. Lakini mchumba wangu ni dereva wa magari ya watalii, yale ya wazi pande zote, na alipenda kunipitia kazini na kunikalisha mbele, upepo wote wa hifadhi ukinipiga usoni. Kwa hiyo nikalibandika kwa gundi kuanzia paji mpaka kisogo na kulala nalo. Nikafanikiwa kukusanya hasara za njia zote ndani ya njia moja. Si kila mtu ana kipaji hicho.

Sasa hayo majuma matano. Nilipaka maji ya kitunguu, nikapaka shubiri, nikapaka mafuta ya nyonyo, nikanuka kama kachumbari iliyolala. Nywele hazikusikia. Juma la tatu, nikiwa nahangaika kwenye simu, nikakutana na tangazo la duka moja la Dar es Salaam: mawigi ya nywele fupi za kipilipili, asilia kabisa, hakuna atakayejua. Nilisoma mara mbili. Kiwandani huko, mbali, kuna watu wameketi wanatengeneza nywele kama nilizozaliwa nazo. Nikalipa bei ya mbuzi wawili kununua kitu ambacho Mungu alinipa bure, na ambacho nilikuwa nimetumia miaka tisa na zizi zima kuking'oa. Nilijiona mjanja kupita kiasi. Kuficha madhara ya nywele za dukani kwa nywele za dukani zinazofanana na zisizo za dukani, wazo la namna hiyo linahitaji mtu aliyekacha mafundisho ya kanisa.

Lilikuja kwa basi, ndani ya boksi la viatu. Nikalibandika Ijumaa kwa gundi isiyoogopa maji. Lilikaa vizuri ajabu. Nilijitazama kwenye kioo nikamwona yule binti wa Masanze aliyekwenda kuanza kazi Mikumi, isipokuwa amechoka kidogo chini ya macho.

Jumamosi tukapangwa nyuma ya kanisa. Juu ya mkeka palikuwa na rundo la rasta zilizofumuliwa, nyeusi, nyekundu, na moja ya bluu ambayo mwenyewe alikuwa bado anaililia. Mkuu wa ukaguzi alikuwa mama yangu mzazi. Mama ni mkulima, amesomeshwa na wamisionari, na ana ugonjwa mmoja ambao umetugharimu sana nyumbani: hasemi uongo. Nimewahi kumsikia sokoni akimwambia mnunuzi, kabla hajaulizwa, kwamba gunia la pili lina wadudu. Lakini sikumwogopa. Nilijua macho yake yameanza kupungua nguvu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Inama."

Nikainama. Vidole vyake vikapita mbele, vikapita utosini, haraka kama alivyofanya kwa wengine. Kisha vikafika juu ya sikio la kulia vikasimama. Hapo ndipo nilipokumbuka. Nilipokuwa na miaka sita niliangukia jembe shambani, nikapata kovu refu kama kidole, ambalo halijaota unywele tangu siku ile. Mama ndiye aliyelikanda kwa maji ya moto, na mama ndiye aliyelizungushia kitana kila Jumapili ya utoto wangu. Vidole vikarudi mara ya pili kulitafuta. Vikarudi mara ya tatu. Palikuwa na nywele nzuri, nene, za kiwandani.

"Safi," mama akasema.

Akina mama wengine wakapiga vigelegele. Mmoja akawageukia wasichana waliokuwa wamefumuliwa. "Mnamwona dada yenu? Anafanya kazi kwa Wazungu, hajajitia hata kiuzi. Njoo usimame mbele hapa wakuone." Nikasimama mbele, wakaniona. Mwenye rasta ya bluu alinitazama kwa chuki ya haki kabisa.

Ukaguzi ulipokwisha mama alinawa mikono, akaniita nimsaidie kubeba mkeka. Tulipofika nyuma ya jiko la kanisa akauweka chini.

"Kovu lako limekwenda wapi?"

"Mama, naomba unisikilize..."

"Kaa. Nilitoe."

Alichukua mafuta ya kupikia jikoni, akayapitisha kwa kidole pembeni mwa wigi, akasubiri, akapitisha tena. Hakuvuta hata mara moja. Ilichukua muda mrefu. Lilipotoka alilitazama, kisha akakitazama kichwa. Nilingoja matusi, nilikuwa na haki nayo. Badala yake alisema neno moja kwa kilugha cha nyumbani, neno analotumia kwa kifaranga kilichonyeshewa. Hapo nikalia kwa sauti, mtu mzima mwenye meneja na mchumba.

"Akiniona hivi ataniacha, mama."

"Huenda," akasema. Mama hajui kumfariji mtu kwa uongo. Akakaa kando yangu kwenye ngazi ya jiko, akapangusa mafuta mikononi kwa khanga yake. "Mimi nimesema safi. Nimesema mbele ya watoto, kwenye uwanja wa kanisa. Nimekuonea aibu nikasema. Kesho nitabaki kwenye benchi. Siendi kwenye Meza ya Bwana na uongo mdomoni."

Yeyote anayeijua Kilosa ataelewa nilichoambiwa. Mama yangu alikwenda mezani akiwa na malaria, alikwenda mezani juma alilomzika baba. Akibaki kwenye benchi Jumapili ya askofu, kabla ya chakula cha mchana Rudewa na Mvumi watakuwa wamepata habari, kila mahali na dhambi yake waliyomchagulia.

"Na nikija hivi?"

Akanyanyuka, akaubeba mkeka mwenyewe. "Ukija hivi, nitakuwa nimesema kweli mapema kidogo."

Jioni ile niliandika ujumbe mrefu kwa mchumba wangu, nikaeleza kila kitu, kovu, vipete na gundi. Nikaufuta. Nikaandika mwingine mfupi zaidi, nikaufuta. Mwishowe kwa ushujaa mkubwa nikamtumia: Kesho usichelewe.

Alichelewa, bila shaka. Ibada ilianza saa tatu, na niliingia kanisani na kichwa wazi, kimeoshwa, kimepakwa mafuta, kila kiraka kinawaka. Kwaya ilipunguza sauti kidogo, au nilisikia vibaya. Yule mama aliyenisimamisha mbele jana alifumbua mdomo, mama akamtazama, akaufumba. Nikapiga magoti zamu yangu ilipofika. Askofu ni mzee mwenye mikono ya mkulima. Aliuweka mkono wake juu ya kile kiraka cha utosini, mzito na wa moto, na hakuuharakisha. Sala siikumbuki. Nakumbuka kwamba nilisikia kila kidole, na kwamba sikutaka autoe. Baadaye, wakati wa kupokea, nilimwona mama akitoka kwenye benchi lake, akatembea na khanga yake ya Jumapili mpaka mbele, akapiga magoti na kukinga mikono. Kwa hilo nilikuwa tayari kuachwa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na kwa kama dakika nne niliamini.

Tulipotoka nje nilisimama na mama karibu na ukuta. Mchumba wangu akaja mbio mbio kutoka mlango wa nyuma, simu mkononi, jasho linamtoka. Aliingia kwa kuchelewa, akasimama huko nyuma na kurekodi kila kitu kama alivyoahidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, mbona hajapita? Nimerekodi wote, mmoja mmoja. Sijamwona."

"Umerekodi wote?"

"Wote, mama. Au amegoma tena?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake. Huyu ni mtu anayelipwa kwa ajili ya macho yake. Anaendesha gari huku anaongea, anasimama ghafla, anawaonyesha watalii mkia wa chui ndani ya majani ya mti ulio ng'ambo ya bonde. Macho hayo yalinipitia mara mbili yakaendelea na safari. Mama akanyoosha kidevu kunielekeza.

Akanitazama. Alianza na paji, akapanda utosini, akashuka kwenye kovu, halafu akafika kwenye macho, na hapo akanijua. Niliona kabisa anavyonijua. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno makali yaliyopangwa tayari, kwamba magari ya kurudi Mikumi hayajaisha, kwamba pete nitaipeleka mwenyewe kwa mama yake Rudewa, kwamba na yeye kitambi chake hakukitangaza mapema. Hakukimbia. Hakutabasamu pia. Alitia simu mfukoni, akasogea karibu, akashusha sauti ili watu wasisikie.

"Inauma?"

Miaka tisa hiyo nimeulizwa na wasusi nataka rangi gani, urefu gani, nalipa taslimu au kwa simu. Hilo hakuna aliyeniuliza, na mimi mwenyewe nikiwemo. Yale maneno makali nikayaacha palepale.

"Iliuma," nikasema. "Iliuma sana."